Aliyoyasoma Bwana Majani

Ninyi vijana wa shule ya kilimo, juzi mlipofungua ule mfuko wenu mbele yangu na mimea ikatoka nyeusi kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala, nilicheka, na mmoja wenu akanuna. Asinune. Harufu ile naijua tangu kabla baba zenu hawajazaliwa. Nimekausha mimea maisha yangu yote, kwanza kwa muzungu mmoja hapa Kasongo wakati wa Wabelgiji, baadaye kwa wengine waliokuja na kuondoka, na kabla sijajua kukausha nilikuwa hodari wa kuozesha.

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanywa. Nitaandika. Lakini kazi hii ilinionyesha na mambo mengine ambayo sikuyaomba, nayo hayakai vizuri ndani ya maelekezo. Nikichanganya, mnivumilie.

Kwanza, magazeti. Mnalaza mmea kwenye gazeti, mnafunga, mnaweka magazeti makavu juu na chini, mnabana kwa mbao na kamba, halafu mnakwenda kulala mkidhani kazi imekwisha. Haijaanza. Kila asubuhi fungua, toa magazeti yaliyolowa, tia makavu. Wakati wa mvua weka makaa chini yake, kwa mbali, moto wa mtu mwenye subira. Jani moja ligeuze, ili atakayesoma mmea huo siku za mbele aone na mgongo wake. Na mmea wenye majani manene yaliyojaa maji, usiufunge mbichi. Uchovye kwanza katika maji yanayochemka, ufe. Mimi sikuuchovya. Muzungu wangu alipofungua mbao zile baada ya safari ndefu, mmea ulikuwa umechipuka humo ndani, una kitawi kipya cheupe kinachotafuta mlango.

Aliyenifundisha ni mzee Ramazani, mtu wa mjini Kasongo, wa zile familia za Waislamu zilizotokana na misafara ya zamani ya pwani. Kabla yangu alikuwa amemtumikia muzungu aliyekusanya ngozi za ndege. Aliacha kwa ajili ya harufu. Alikuwa akisema jani ni kama mugeni: ukimubana sana anavunjika, ukimuachilia anakuharibia nyumba. Siku ile ya kitawi cheupe aliutazama mmea, akanitazama mimi, akasema, "Anselmi, wewe uko mulimaji. Kazi hii ni ya kuua." Kisha akanionyesha sufuria ya maji ya moto.

Muzungu wetu watu walimwita Bwana Majani. Alikuwa mrefu, shingo imeungua na jua, mwenye aibu. Hakuwa mtu wa serikali wala wa misheni. Alipewa ruhusa ya kukusanya mimea kutoka Kasongo mpaka ng'ambo ya Kabambare, na mimea aliyoipenda kuliko yote ilikuwa ile isiyo na maua, inayoota penye kivuli na unyevu kando ya vijito. Angeweza kulala kifudifudi matopeni kwa ajili ya kimea kimoja kisichozidi kidole. Lakini watu hakujua la kuwaambia. Akikutana na mwanamke njiani alivua kofia, kisha akabaki amesimama nayo mkononi kama aliyesahau kilichofuata.

Basi sauti yake mimi niliisikia katika kusoma kwake. Vitabu vyake vilikuja kwa treni, vikapanda kamyo, yaani lori, vikamalizikia mabegani mwa watu. Kila alipomaliza kimoja alichukua fishi, ile karatasi ngumu ndogo, akaandika jina la kitabu, na chini yake yale aliyoyawaza. Hayakuwa ya kuonyesha mtu. Ila homa na dawa ya homa zilikuwa zimemharibu macho na mikono, mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, na miezi ikipita hata yeye alishindwa kuusoma. Mapadri walikuwa wamenifundisha Kifaransa. Kwa hiyo kazi yangu ya jioni, kabla jua halijazama, ilikuwa kunakili fishi zile kwa mwandiko safi, yeye ameketi karibu akinisaidia neno lililonishinda.

Humo ndimo nilimojua kwamba alikuwa mcheshi. Juu ya bwana mmoja mkubwa wa Ulaya aliandika: "Ameeleza msitu vizuri sana. Inaonekana dirisha lake lilikuwa safi." Juu ya kitabu kilichosifu kazi za serikali katika nchi yetu hakuandika kitu, ila alama moja ya kuuliza. Nilipoinakili aliniambia, "Hiyo iache," kisha akabadili nia akasema, "Hapana. Iandike." Na kulikuwa na kitabu kimoja alichokisoma upya kila mwaka, na kila mwaka fishi yake ilisema jambo lingine, na ile ya nyuma hakuichana. Nilimuuliza kwa nini anatunza makosa. Alisema, "Nisipoyaona, nitadhani nilizaliwa najua."

Vijana, hilo nililichukua. Mkikosea jina la mmea, msifute. Pigeni mstari mmoja, andikeni jipya pembeni. Anayekuja nyuma yenu ana haki ya kuona mlikopitia.

Sasa nifike huko ninakokawia kufika.

Nilikuwa na dada mkubwa, Feza, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, aliyeolewa katika kijiji kimoja mbele ya Kabambare. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mwaka ule wa kiangazi kirefu tulipita kule na mizigo yetu ya mbao na magazeti, nikaomba ruhusa nimsalimie. Bwana Majani akasema tutapiga kambi palepale.

Feza alinisikia nikibisha hodi akatoka. Sikumtambua kwa mwendo. Alikuwa amesimama juu ya vidole vya miguu, visigino viko hewani, magoti yanakwaruzana, na kila hatua mguu mmoja ulikatiza mbele ya mwingine kama unataka kumwangusha. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Yaya," nikasema, "iko nini?"

"Miguu imekataa," alisema. "Ingia, mudogo wangu. Usisimame pale kama muzungu wako."

Haikuwa ikimwuma. Alieleza kwamba aliamka mzima, akaenda shamba la pamba, na jua lilipokuwa juu alitaka kuinuka na mzigo, miguu ikatetemeka, ikakauka. Wakamrudisha kwa kumbeba. Tangu siku ile haikupona, wala haikuzidi. Na hakuwa peke yake. Nyumba ya pili yake alikuwepo msichana, na ng'ambo ya njia mama na mutoto wake, wote siku zilezile. Watu walisema ni ulozi, na mzee mmoja alikuwa amekwisha kufukuzwa kijijini. Kapita, yule msimamizi, mweusi mwenzetu, aliyepewa kofia na fimbo ili ahakikishe pamba inalimwa, yeye alisema ni uvivu. Pamba ile haikuwa ya kupenda. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake, na ambaye hakuonekana shambani alfajiri alipigwa au alifungwa.

Bwana Majani alimtazama Feza akitembea kutoka mlangoni hadi jikoni. Alivua kofia. Lakini safari hii hakuduwaa. Alichuchumaa mbele yake akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Mama, wewe nakula nini?"

"Bugali ya muhogo," akajibu Feza. "Tena iko nini ingine? Nyama wanaume hawana siku ya kuwinda. Samaki mutoni nani atavua?"

Akaomba kuuona muhogo wenyewe. Ulikuwa muhogo mchungu, ule wa siku zote, ambao nguruwe wa msitu wanaunusa na kuuacha. Akakata mizizi, majani, mashina. Mzee Ramazani aliyapanga kwenye magazeti. Tulikuwa hatujawahi kukausha muhogo. Nani anakausha muhogo kwa ajili ya Ulaya?

Tuliporudi Kasongo aliagiza vitabu. Vilipoanza kufika nilidhani wamekosea sanduku. Hapakuwa na msitu humo. Kimoja kilikuwa cha magonjwa ya uti wa mgongo. Fishi yake: "Ugonjwa wa kuambukizwa? Lakini unaanza kwa saa moja na hauendelei. Sioni." Kilichofuata kilieleza aina ya dengu wanayoila maskini wa nchi za mbali njaa ikiwakaba, na jinsi inavyowakakamaza miguu, wao na farasi wao. Fishi hiyo aliiandika kwa haraka hata kalamu ikatoboa: "Miguu ileile! Chakula, basi. Chakula cha njaa." Kikaja kijitabu juu ya lozi chungu, tunda la kwao lenye sumu ndani ya kokwa, na hapo akaandika kwamba sumu hiyo ndiyo iliyomo katika muhogo mchungu, na kwamba maji huiondoa.

Mimi nilikuwa ninanakili. Hakuniambia, "Ninamtafutia dada yako." Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Lakini kila jioni nilimwona anakwenda, kitabu kwa kitabu, kuelekea kwenye ule ua wa Feza, kama mtu anayefuata kijito kurudi kwenye chemchemi yake. Sijawahi kumpenda muzungu kama nilivyompenda katika majuma yale.

Fishi ya mwisho haikuwa na jina la kitabu. Alikuwa amesoma karatasi za serikali zilizoeleza mazao ya Kabambare, pamba iliyoongezeka na siku za kazi. Naikumbuka yote, maana niliiandika mimi: "Si mmea. Watu hawa wameula muhogo huu tangu mababu zao na wakatembea. Unahitaji siku tatu majini. Mwanamke anayelima pamba tangu alfajiri hana siku tatu. Anautoa baada ya usiku mmoja, kwa sababu watoto wanalia. Kilichoondolewa kwao ni muda."

Nilifikiri sasa mambo yatakuwa mazuri.

Siku chache baadaye alinipa barua ya kwenda kwa mkubwa wa serikali pale Kabambare, niinakili kwa uzuri. Nikaandika mpaka mwisho. Nikarudi juu nikasoma tena. Ilieleza miguu, ilieleza sumu, ilieleza kwamba muhogo mchungu ni hatari na inafaa watu wapewe ule mtamu. Pamba haikutajwa. Neno muda halikuwemo.

Nilimwendea Ramazani kwanza. Alikuwa akitawadha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwenye kuandika ni yeye. Lakini mwenye dada ni wewe. Enda umuulize."

Nilikwenda. Nilisimama na barua mkononi. "Bwana, kwenye fishi uliandika si mmea."

Alijua mara moja ninachosema. Masikio yalimwiva. "Anselmi, nikiwaandikia kwamba pamba ndiyo inayovunja miguu, wataifunga barua. Nikiandika muhogo, watafanya kitu. Muhogo wanaweza kuubadilisha."

"Na pamba?"

"Pamba ni juu ya uwezo wangu," alisema. "Iko juu sana. Acha tuanze na linalowezekana."

Hakuwa anadanganya. Aliamini. Na mimi, niseme kweli, maneno yale yaliniingia akilini, nikaipeleka barua kwenye kamyo nikiwa na tumaini.

Wakafanya kitu.

Walikuja makapita pamoja na askari, wakapita kijiji kwa kijiji kufuata barabara, wakang'oa muhogo mchungu. Watu walilazimishwa kung'oa mashamba yao wenyewe, wakayarundika mashina yakachomwa. Waliahidiwa mbegu za muhogo mtamu. Zilikuja kwa kuchelewa, kidogo, nyingine zimekauka njiani. Zilizopandwa zikaota, na nguruwe na nyani, ambao vizazi na vizazi walikuwa wameacha mashamba ya watu kwa sababu ya uchungu ule, walishuka wakala zote. Nani angezilinda? Watu walikuwa kwenye pamba.

Njaa ikaingia. Msiniulize watu waliishi kwa kula nini. Watu walirudi kwenye mashamba yaliyong'olewa, wakachimbua mizizi ya muhogo mchungu iliyosalia, wakaila siku ileile, bila maji, bila chochote. Miguu mingine ikakauka, mingi kuliko ya kwanza. Mtoto wa mwisho wa Feza, Kitenge, ambaye alikuwa ameanza kuniita mjomba, alikula, akatapika, akafa kabla jua halijageuka. Habari ililetwa Kasongo na mwanamume aliyetembea na baiskeli isiyo na mpira.

Bwana Majani alikuwepo nilipoambiwa. Alisikia. Alikwenda akachukua kofia yake, akasema, "Twende."

Barabarani hatukukusanya hata jani. Tulipofika, Feza alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu, ambayo njaa ile ilikuwa imeikausha mara ya pili, imenyooka mbele yake kama vijiti vya mtu mwingine. Mume wake alikuwa kwenye pamba. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, dogo, udongo bado mwekundu. Bwana Majani alikwenda kulitazama. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya dada yangu akasema, "Mama, barua ile ni yangu."

Feza hakuelewa. Alinitazama mimi. "Anasema nini?"

Nilishindwa kutafsiri. Maneno yalikuwa ya Kiswahili tayari.

Tuliporudi hakusoma kwa muda. Vitabu vilikaa kwenye masanduku, mchwa wakaingia kimoja, na Ramazani, ambaye hakujua kusoma Kifaransa, ndiye aliyekaa barazani akiwatoa mmojammoja kwa unyoya wa kuku. Halafu asubuhi moja Bwana Majani aliniita, akaandika barua nyingine, akaniacha niinakili. Safari hii yote yalikuwemo: pamba, alfajiri, fimbo, siku tatu za maji, muhogo uliong'olewa, Kitenge kwa jina lake. Aliipeleka yeye mwenyewe Kabambare.

Alirudi siku ya pili akiwa na uso wa mtu aliyepigwa mbele ya watu. Aliniambia alichojibiwa, na alikisema polepole ili nisikose hata neno: "Serikali ilikusikiliza juu ya mmea, kwa sababu wewe ni mtu wa mimea. Juu ya pamba wako watu wa pamba." Ruhusa yake ya kukusanya ilipokwisha, haikuongezwa.

Tulimfungia masanduku. Hapo ndipo mwalimu wangu Ramazani alipokuwa bora kuliko siku zote: kila mmea mkavu kama karatasi, vidonge vya kufukuza wadudu pembeni, hakuna kilichocheza. Fishi zake alizibeba mwenyewe mkononi. Miaka mingi baadaye muzungu mwingine niliyemtumikia aliniambia kwamba Bwana Majani alisifiwa kwao kwa ile mimea yake ya kivulini, na kwamba habari za fishi hakuna aliyemsikia akizitaja. Muzungu huyo aliponiuliza mwenzake alikuwa mtu wa namna gani, nilijibu kwamba alikuwa msomaji. Alidhani ninamsifu tu.

Nimetumia maisha yangu kuandika vibandiko vya mimea: mahali ulipoota, nani alikuwepo, wenyeji wanauitaje, wanaufanyia nini. Wazungu waliofuata waliniambia ninaandika mno. Ninyi pia mtaambiwa. Andikeni. Na mkiona mmekwisha kuandika jambo zima kwenye karatasi yenu ya ndani, halafu mkono unataka kulikata vipande kwa sababu ya atakayelisoma, simameni kwanza mfikiri nani atakula vipande hivyo. Sisemi kwamba barua nzima ingeokoa mtu. Ya pili ilikuwa nzima, nanyi mmeona.

Baada ya yeye kuondoka nilikwenda kwa Feza. Pamba ilikuwa ikiendelea. Lakini mume wake alikuwa amepata mashina ya muhogo mchungu msituni, mbali na barabara, ambako makapita hawakufika, akayapanda kwa kificho, na Feza alikuwa akimenya wa kwanza, kiti chake kimeegemezwa ukutani asianguke. Sasa kwa kuwa hakuweza tena kutembea, kapita alikuwa ameacha kumwita.

Nilimweleza yote. Dengu za nchi za mbali, farasi, lozi, karatasi za serikali. Nilimwambia fishi ya mwisho ilivyosema. Alisikiliza huku kisu kikienda.

"Alisoma vitabu vingi hivyo?" aliuliza.

"Vingi, yaya."

"Kujua kwamba muhogo unataka siku tatu?"

Nikamsogezea mtungi wa maji.

"Mama alitufundisha hilo wewe ukiwa mgongoni," alisema. "Nilijua, mudogo wangu. Kila asubuhi nilipoutoa majini nilijua. Niliunusa, nikajua bado, na kapita alikuwa amesimama barabarani, na watoto walikuwa wanataka kula kabla sijaenda."

Alitumbukiza kipande cha mwisho ndani ya mtungi, akaufunika, akaniomba nimshike mkono asimame.